Nyanya yako alikula nini

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa nimemwekea nyanya yako simu sikioni. Unauliza alikula nini hata akafika miaka 91, maana huko Nakuru kuna mtu anakuuzia unga wa mizizi, kopo shilingi 3,500, na anakuahidi maisha marefu. Nyanya alicheka mpaka akatafuta leso. Akasema nikuandikie kwamba alikula alichopata.

Na ni kweli. Ugali, sukuma, omena zilizomdodea sokoni Gikomba, na chai ya vijiko vitatu vya sukari ambayo hadi leo hataki niiguse. Baba yako alilelewa kwa sufuria hiyo hiyo, na tulimzika 2016 akiwa na miaka 54. Kama siri ni ya sufuria, mbona haikumfaa mwanawe?

Kuna jambo hukuwahi kuambiwa. Wewe unahesabu baba zako wadogo na shangazi zako, unapata watano pamoja na marehemu. Nyanya yako alizaa saba. Wawili wa kwanza waliondoka kabla ya kufikisha miaka miwili, mmoja kwa surua, mwingine kwa kuhara, enzi zile wanaishi Majengo na ploti nzima inagombea mfereji mmoja na choo kimoja. Hakuwa mama mzembe. Chanjo ya surua hakuipata, na maji aliyochota ndiyo yaliyokuwepo.

Mpango wa chanjo wa taifa ulianza 1980. Wewe ulipozaliwa Pumwani mwaka 1992 nilipewa kadi ya kliniki, na ulipofikisha miezi tisa, umri wa chanjo ya surua, nyanya alikataa katakata nikupeleke mimi. Alikufunga mgongoni, akafika kabla mlango haujafunguliwa. Ulipochomwa ukalia, naye akalia. Nilidhani ni uzee unaanza. Miaka mingi baadaye ndipo aliponieleza alikuwa akimlilia nani.

Halafu ukaja kuharisha, una mwaka na kitu, macho yamezama, midomo imekauka. Nesi alikuwa ametufundisha: maji safi lita moja, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, visawazishwe, visijae kilima. Kipimo cha lita hatukuwa nacho. Baba yako akatoa chini ya kitanda chupa mbili za bia za nusu lita, tukazisugua na kuzisuuza kwa maji ya moto. Ndiyo siku pekee niliyozishukuru chupa zile. Nyanya alikaa nawe usiku kucha, kijiko, anangoja, kijiko tena. Alfajiri ukamkojolea mapajani, akapiga kigelegele majirani wakadhani kuna posa.

Ndiyo maana mtu akiniambia siku hizi watu wanaishi sana, mimi sianzii kwa wazee. Sehemu kubwa ya hiyo miaka iliyoongezeka ni ya watoto ambao hawakufa. Unga wa mizizi haukuwepo pale. Palikuwa na sindano, maji yaliyochemshwa, na nesi aliyerudia somo lake kwa akina mama hamsini bila kuchoka. Na usidhani maji machafu ni shida ya Majengo peke yake: mwaka 2017 kipindupindu kiliwakuta hata wageni wa mkutano kwenye hoteli ya maana hapa Nairobi.

Haya, sasa baba yako. Alipimwa akakutwa na presha mwaka 2012, akapewa vidonge. Alivimeza miezi miwili, akajisikia vizuri, akaviacha. Alivichukulia kama dawa ya malaria, unamaliza dozi unaenda zako. Nilimsema, naye akanijibu presha ikirudi ataisikia. Haisikiki, mwanangu. Miaka minne ilimkalia kimya, na juu yake sigara, na chips za jioni pale karibu na gereji, ambazo hakuwahi kuonja kabla ya kunyunyiza chumvi. Chumvi ya siku nzima inatakiwa isizidi kijiko kimoja cha chai. Yeye aliimaliza kwenye sahani hiyo moja. Akaanguka kwenye sinki, mswaki mkononi. Hilo unalijua, siendelei.

Nyanya naye ana presha. Umeshangaa? Anayo mwaka wa kumi na tano huu. Tofauti ni kwamba yeye humeza kidonge chake kila asubuhi na chai, akijisikia vizuri, akijisikia vibaya. Na ile miaka yote ya biashara alitembea kwa miguu toka Makongeni hadi Gikomba na kurudi, kwa sababu nauli ilikuwa faida yake. Hakuita mazoezi.

Mhudumu wa afya ya jamii huja kumpima hapa nyumbani. Hao walipewa mikoba ya vifaa Septemba 2023, na wa kwetu ni msichana mpole, humkalisha kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, asiongee. Kutoongea ndiko kunakomshinda nyanya. Kisha anataka atajiwe namba, na anaiandika mwenyewe kwenye kalenda iliyo juu ya meko.

Sasa lile la mwisho wa ujumbe wako. Ulilipitisha haraka haraka, kwamba kazini walipima watu presha na wewe ukaambiwa 150 kwa 96, ila ni uchovu tu. Nafikiri hilo ndilo swali lako, unga ulikuwa kisingizio. Huenda ni uchovu kweli. Kipimo kimoja hakitoshi. Nenda kliniki, upimwe tena siku mbili tatu tofauti, na ikibaki 140 kwa 90 au zaidi, umwambie daktari baba yako alikufa na nini na akiwa na umri gani. Usione haya kusema. Hiyo elfu tatu na mia tano itatosha kwa mashine ya kupimia presha au kwa nauli ya kliniki, chagua.

Nyanya amekwisha kukuchorea mstari kwenye kalenda, chini ya wake. Ameandika jina lako, na nafasi ya Jumamosi ameiacha wazi. Amenituma nikuulize kama unaamka mapema.

Mama yako