Fumbo la mauaji nyumbani: anzia kwa muuaji

Shoga, umeuliza vipi uandae usiku wa fumbo la mauaji, ule mchezo wa wageni kuigiza na kumsaka muuaji wa kubuni, kwa marafiki wanane, nyumbani kwenu Mkunazini. Anzia mwisho: amua nani kaua na kwa nini, kisha rudi nyuma utawanye dalili.

Mimi hadithi ningeiweka Unguja ya 1938. Kauawa tajiri wa karafuu, na mpwa wake anaonesha risiti ya mwaka ule ule kwamba deni keshalilipa. Iandike kwa wino, uichovye kwenye chai ya rangi, uianike mpaka ipate umanjano na kujikunja pembeni. Humo deni liandike kwa rupia. Rupia ya hapa iliondolewa 1936 ikaingia shilingi, basi atakayeliona hilo keshamkamata mwongo. Ili isiwe uonevu, acha barua mahali inayotaja mabadiliko hayo. Dalili kama hii naipenda kuliko kisu chenye damu, maana watu wanabishana kweli kweli.

Kila mgeni mpe karatasi yake siku tatu kabla: yeye nani, anaficha nini. Mavazi, kanzu na kanga zinatosha. Maswali yaanze baada ya kula. Urojo ukiwa mezani hakuna anayesikiliza.