Vipepeo hawakai bustanini, viwavi hawakomi kwenye mlimau

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Nina bustani ndogo nyuma ya nyumba hapa Tanga. Nimepanda haibiska, bugenvilia, waridi na asumini, lakini vipepeo wanapita tu, hawakai. Wakati huohuo viwavi wameuvamia mlimau wangu. Kijana wa duka la pembejeo aliniuzia dawa, nikapulizia wakaisha, kisha wakarudi. Pia kuna ndege mdogo sana anayeng'aa, ambaye jirani yangu anasema ni ndege mvumaji, yule anayeonekana kwenye video za Marekani, na amenishauri nimtundikie chupa ya maji ya sukari yenye rangi nyekundu. Nifanyeje ili vipepeo na ndege hao wakae, na nitawatambuaje? Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba, binti yangu. Viwavi uliowaua kwenye mlimau ndio vipepeo unaowasubiri. Naanza na hilo kwa sababu barua za namna hii hunifikia kila baada ya mvua, na karibu zote hubeba malalamiko haya mawili kwa pamoja, kwamba vipepeo hawaji na viwavi hawakomi, bila mwandishi kutambua kwamba anamlalamikia mdudu mmoja mara mbili.

Uchunguze mlimau wako asubuhi, hasa machipukizi laini ambayo bado hayajakolea kijani. Yai la kipepeo wa mlimau, ambaye jina lake la kisayansi ni Papilio demodocus, ni la mviringo, la manjano, na dogo kiasi cha kichwa cha pini, na jike huyataga mojamoja, hili kwenye jani hili na jingine kwenye tawi la pili. Kiwavi anayeanguliwa huwa wa kahawia iliyokoza mwenye mabaka meupe, na mtu asiyemjua humdhania kuwa ni kinyesi cha ndege kilichodondokea jani, jambo ambalo ndilo linalomsalimisha na ndege wenyewe. Akishajivua ngozi mara kadhaa hugeuka wa kijani mwenye mikanda ya kahawia na nyeupe ubavuni. Ukimgusa taratibu kwa kijiti, atatoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Hizo ni silaha yake dhidi ya maadui, wala hazina madhara kwa binadamu. Hatimaye hujifunga kwenye kijiti kwa uzi mwembamba, akawa pupa, na katika joto la pwani hutoka baada ya wiki mbili hivi akiwa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hafifu, asiye na mikia kwenye mabawa ya nyuma, na ambaye huendelea kupigapiga mabawa hata anapokunywa kwenye ua. Ukimwona huyo, umemtambua.

Mlimau uliokomaa hauuawi na viwavi hawa. Hupoteza majani ya juu, kisha huchipua mengine. Hofu ni ya kweli kwa mche mchanga ulio kwenye kitalu au chungu, ambao viwavi wachache tu wanaweza kuumaliza majani, na dawa yake ni mikono yako: wachukue pamoja na jani walilokalia, uwahamishie kwenye mti mkubwa. Kama majani yana michirizi ya rangi ya fedha inayopinda-pinda ndani ya jani, au yamejikunja na kunata kwa sababu ya vidukari, hilo ni tatizo jingine kabisa, na kiwavi wa kipepeo hahusiki nalo hata kidogo, ingawa yeye ndiye anayeonekana kirahisi na kwa hiyo ndiye anayehukumiwa.

Dhana inayonisikitisha kuliko zote ni hii, kwamba kipepeo ni suala la maua. Maua humpa kipepeo kinywaji cha dakika chache, nacho hukipata popote. Kinachomfanya arudi bustanini mwako siku baada ya siku ni majani ambayo watoto wake wanaweza kuyala, na kila aina ina majani yake, aghalabu ya jamii moja au mbili tu za mimea. Jike hutua juu ya jani na kulionja kwa miguu kabla ya kutaga, na likiwa si lenyewe huondoka. Bustani uliyonieleza ni ya kupendeza macho, lakini kwa kipepeo ina ubahili mkubwa. Rangi unayoiona kwenye bugenvilia ni ya majani yaliyobadilika, na maua yenyewe ni vile vijimrija vidogo katikati. Waridi za kisasa zenye petali nyingi zilizosongamana mara nyingi hazina mbochi, yaani maji matamu ya ua, wa maana, au mdudu hawezi kuufikia. Asumini yako huwafaa zaidi nondo wa usiku. Mti pekee wa kulishia viwavi uliokuwa nao ni huo mlimau, nao ukaupulizia sumu.

Wanaoishi kwa kazi ya vipepeo wanalijua hili vizuri. Pale Gede, pembeni ya msitu wa Arabuko-Sokoke nchini Kenya, mradi wa Kipepeo umekuwa tangu mwaka 1993 ukinunua pupa kutoka kwa wakulima wanaopakana na msitu na kuwasafirisha kwenye maonyesho ya vipepeo ng'ambo, na huku kwetu kazi kama hiyo iliwahi kufanyika Amani, katika Usambara Mashariki, si mbali nawe. Mkulima wa pupa huanza na kitalu cha mimea ambayo viwavi hula, na hushinda akiwakatia na kuwabadilishia majani. Asipokuwa na majani, hana biashara.

Kwa hiyo panda majani. Kwa kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi zenye madoa meupe, Danaus chrysippus, ambaye pengine ndiye utakayemzoea upesi kwa sababu huruka polepole bila haraka, unahitaji mimea ya utomvu mweupe ya jamii ya Gomphocarpus au Calotropis. Utomvu huo ni sumu, na ukiingia machoni unadhuru, kwa hiyo usiipande mahali watoto wanapochezea, na unawe mikono baada ya kuikata. Kiwavi wake huihifadhi sumu hiyo mwilini, na ndiyo sababu kipepeo mwenyewe hana haja ya kukimbia ndege. Hapa pia pana mtego kwa anayetaka kutambua: jike wa Hypolimnas misippus, ambaye hana sumu, amevaa rangi zilezile za chungwa na nyeusi, ilhali dume lake ni jeusi lenye mabaka makubwa meupe yaliyozungukwa na zambarau, na watu wengi huwahesabu hao wawili kuwa aina mbili tofauti. Viwavi wake hula tikini, ile mboga ya porini ambayo huenda unaing'oa kila unapopalilia. Iachie kona. Mimea ya jamii ya mjohoro nayo huwaleta wale vipepeo weupe wenye ukijani au umanjano hafifu ambao huonekana wakipita makundi kwa makundi baada ya mvua.

Katika kutambua, anza na umbo na mwendo kabla ya rangi, maana rangi hudanganya, kama ulivyoona. Papilio dardanus ndiye mfano mkubwa wa Afrika: dume ni la manjano hafifu lenye mikia, lakini majike wa kwetu hawana mikia kabisa, na wao kwa wao hutofautiana, namna nyingi zikiiga vipepeo wengine wenye sumu. Angalia kama mabawa ya nyuma yana mikia, kama anaruka kwa kupiga mabawa mfululizo au kwa kuteleza, kama anatua mabawa yakiwa wazi au yamekunjwa, na, la muhimu kuliko yote, alikuwa juu ya mmea gani na alikuwa akifanya nini huko. Piga picha ya upande wa juu na wa chini wa bawa, kwa sababu aina nyingi hutofautiana chini tu. Wapo pia wasiojali maua hata kidogo: Charaxes, wale wenye miili minene wanaoruka kwa nguvu, hufuata ndizi zilizochacha, utomvu wa miti na kinyesi. Ganda la ndizi mbivu kwenye kisahani kivulini litakuonyesha vipepeo ambao bustani ya waridi haitakuonyesha kamwe.

Sasa ndege. Huyo si mvumaji. Ndege wavumaji wa leo wanaishi katika mabara ya Amerika peke yake, tangu Alaska hadi ncha ya kusini, na hakuna hata aina moja inayoishi porini Afrika. Ndege wako ni chozi, na hana udugu wa karibu na mvumaji: mvumaji ni jamaa wa teleka, wakati chozi yuko katika kundi kubwa la akina shomoro. Wamefanana kwa sababu wote wawili huishi kwa mbochi. Mvumaji hunywa akiwa amesimama hewani na anaweza kuruka kinyumenyume, ilhali chozi, ingawa huweza kupiga mabawa mbele ya ua kwa muda mfupi, hupenda kushika tawi kwa miguu na kuinamia ua kwa mdomo wake mwembamba uliopinda. Dume mwenye kifua chekundu cha kung'aa na mwili wa kahawia iliyokoza karibu na weusi ni Chalcomitra senegalensis. Yule mdogo zaidi, wa urefu wa sentimita 10 hivi, mwenye mgongo wa kijani cha metali na tumbo la manjano, ni Hedydipna collaris. Majike wa aina nyingi ni wa rangi ya udongo au ya zeituni, na kuwatambua ni kazi ya subira; mtazame yule dume anayeandamana naye.

Ikiwa unachokiona ni kidogo kuliko chozi yeyote, kinasimama hewani mbele ya ua mchana kweupe, na kinanyonya kwa mrija mrefu unaojikunja, basi hata ndege si ndege. Ni nondo arukaye mchana, wa jamii ya Macroglossum. Tafuta vipapasio viwili kichwani; ndege hana vipapasio. Ni rahisi kumdhania kuwa mvumaji.

Chupa nyekundu usiitundike. Rangi haimwongezei ndege chochote, na anayekuuzia unga wa rangi wa kuvutia ndege anakuuzia rangi tu. Ukilazimika kabisa kuweka maji ya sukari, changanya kipimo kimoja cha sukari nyeupe na vinne vya maji, bila asali, kwa sababu asali iliyozimuliwa huchacha na kuota ukungu upesi, uyamwage na kukisugua chombo kila siku katika joto lenu, na usipoweza kufanya hivyo basi usianze. Mshubiri wenye maua, mwamba ngoma kama una nafasi ya mti, na hata maua ya mgomba na hiyo haibiska yako hufanya kazi bora bila kuoshwa. Kirukia kikiota kwenye mti mkubwa, usikimbilie kukikwangua chote, kwani maua yake ni karamu ya chozi.

Lakini hata chozi anakurudisha kwenye ile dawa. Ndege huyu hawezi kukuza makinda kwa mbochi peke yake. Huwalisha wadudu laini na buibui, na kiota chake, kile kifuko kinachoning'inia chenye mlango ubavuni, hushikizwa kwa utando wa buibui. Bustani iliyopuliziwa haina viwavi wala buibui, na asipopata chakula cha makinda wala uzi wa kujengea, chozi atakunywa na kwenda zake kama wanavyofanya vipepeo wako.

Ninakasirishwa na mtindo wa kuuza dawa kwa maelezo ya maneno mawili, viwavi na limau, bila muuzaji kuuliza ni kiwavi gani, mti una umri gani, wala matunda yataliwa lini. Zipo dawa zinazoua kila mdudu anayeguswa, na zipo zinazofyonzwa na mmea hadi kwenye majani na mbochi, ambapo huendelea kuua muda mrefu baada ya wewe kusahau kwamba ulipulizia. Wala usijifariji kwa neno la asili. Maji ya muarobaini huvuruga ujivuaji ngozi wa kiwavi wa kipepeo sawasawa na wa mdudu mharibifu, na dawa ya bakteria ya Bacillus thuringiensis inayouzwa kwa ajili ya viwavi wa mboga haibagui kiwavi wa kipepeo. Zote mbili zina mahali pake kwenye shamba la kabichi. Kwenye bustani inayotakiwa kuwa na vipepeo hazina mahali.

Hujaniandikia jina la dawa uliyouziwa, nami ninashuku kwamba hulijui, kwa kuwa dawa nyingi za rejareja humiminwa kwenye chupa za maji ya kunywa au za soda. Huo ni uhatari wa nyumba nzima, si wa bustani tu. Kiuatilifu halali hapa Tanzania kiko kwenye kifungashio chake cha asili, kina lebo yenye namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, jina la kiambato, kipimo, na idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kama chupa yako haina lebo hiyo, usiile limau iliyokuwa tayari mtini ulipopulizia, usiimwage dawa iliyobaki mtaroni wala kwenye choo, ifungie mahali watoto hawafiki, kisha umwone afisa kilimo wa kata akuelekeze pa kuipeleka.