Re: Zabbix kwenye Docker, hosti imekaa nyekundu

Mambo mkuu. Nilivyokusoma, umepandisha Zabbix (mfumo wa kufuatilia hali ya mashine) kwa Docker (inaendesha programu ndani ya makontena), ukurasa unafunguka fresh ila ile hosti (mashine inayofuatiliwa) inayokuja yenyewe, "Zabbix server", iko nyekundu na inalalamika haiipati 127.0.0.1:10050.

Anza na hiyo 127.0.0.1. Hiyo ndo localhost, yaani "mimi mwenyewe", na kila kontena lina yake, kwa hiyo seva inapiga hodi mlangoni kwake yenyewe wakati ejenti (programu ya Zabbix inayoipa seva vipimo) yuko kontena lingine, nani atamuitikia? Fungua mipangilio ya hosti, kwenye interface weka jina la servisi ya ejenti kama ulivyoliandika kwenye compose (faili lako la kupandisha makontena), alafu "Connect to" iwe DNS, yaani imtafute kwa jina. IP ya kontena usiiandike hata kama leo inakubali, ukiliunda upya inaweza kubadilika na unarudi hapa hapa.

Ikibaki nyekundu soma logi za ejenti. Ukikuta "rejected, allowed hosts" ujue anafikiwa ila anakataa, hapo weka jina la seva kwenye ZBX_SERVER_HOST ya ejenti ndani ya compose. Na hapa ndo wengi wanakwama: docker compose restart haichukui mabadiliko ya env (mipangilio kama hiyo ZBX_SERVER_HOST), piga docker compose up -d.

Kupima bila kusubiri rangi ibadilike:

docker compose exec zabbix-server zabbix_get -s zabbix-agent -k agent.ping

Majina weka ya kwako. Ikirudisha 1 njia iko wazi. Ikigoma bandika compose yako hapa, ila futa paswedi kwanza, maana watu wanajisahauga sana.