Tozo iliyorudi kila mwaka

Wahariri, mmeuliza wiki hii: je, kuongeza faini na kufungia watu leseni kunawafanya madereva wawe waangalifu zaidi? Mimi naishi Fort Worth, Texas. Kwa tuliyoyaona huku, nasema hapana, kama adhabu yenyewe haiangalii aliyekosa ni nani na amekosa nini.

Mwaka 2003 Bunge la jimbo la Texas lilipitisha mpango ulioitwa Driver Responsibility Program, yaani mpango wa uwajibikaji wa madereva. Wewe dereva ulikuwa unalipa faini ya mahakama kama kawaida, halafu jimbo linakudai tozo juu yake kila mwaka, kwa miaka 3. Kuendesha bila bima, dola 250 kwa mwaka. Bila leseni, dola 100. Kuendesha umelewa, kosa la kwanza, dola 1,000. Usipolipa, leseni inafungiwa.

Kuna mama tunayesali naye, alikuja huku kama mkimbizi kutoka Kivu Kusini. Alikamatwa bima ya gari ikiwa imekwisha. Akalipa faini, akajua yameisha. Barua ya tozo ilipokuja ilikuwa Kiingereza kitupu, akaiweka juu ya friji pamoja na matangazo ya maduka. Leseni ikafungiwa bila yeye kujua. Alikuwa anafanya kazi zamu ya usiku, sehemu ambayo basi halifiki. Siku moja akasimamishwa kwa sababu taa ya nyuma imeungua, na safari hii kosa likawa kubwa: kuendesha akiwa amefungiwa leseni. Kosa hilo nalo lilikuwa na tozo yake, dola 250 kila mwaka kwa miaka 3. Jumlisha hizo mbili: dola 1,500, na faini za mahakama hujazigusa. Na mtu aliyefungiwa leseni anapata bima kwa taabu, tena kwa bei ya juu. Yaani aliyeadhibiwa kwa kukosa bima alisukumwa azidi kuikosa. Hili linaniuma hadi leo.

Waliotetea mpango ule walisema fedha zinakwenda kwenye hospitali zinazotibu majeruhi wa ajali. Ni kweli sehemu yake ilikwenda huko, na hospitali hizo zinastahili kusaidiwa. Lakini sehemu kubwa ya tozo haikulipwa kabisa, maana asiye nacho utamkamua nini? Mpaka mwisho, madereva zaidi ya milioni moja walikuwa wamefungiwa leseni kwa madeni hayo. Wengi waliendelea kuendesha, kwa sababu Texas bila gari hufiki kazini, hufiki kliniki, na mtoto humfikishi shule. Barabara haikuwa salama zaidi kwa hilo.

Sheria ilifutwa kuanzia tarehe 1 Septemba 2019, na madeni yale yakafutwa pamoja nayo. Walevi hawakuachiwa: sasa ni dola 3,000 kwa kosa la kwanza, 4,500 ukirudia ndani ya miezi 36, na 6,000 ukipimwa ukakutwa na kiwango cha kilevi mwilini cha 0.15 au zaidi, isipokuwa hakimu ajiridhishe kwamba kweli huna uwezo. Hapo naunga mkono kwa moyo wote. Anayeshika usukani amelewa anaweza kuua, na ukali uelekezwe kwake.

Kwa ndugu zetu mlioko Texas, msidhani kwamba sasa tiketi, ile karatasi ya kosa la barabarani unayoandikiwa na polisi, inaweza kutupwa. Usipofika mahakamani tarehe uliyopangiwa, hati ya kukukamata inaweza kutolewa, na ukienda kuhuisha leseni unaweza kukataliwa. Nenda kabla ya tarehe hiyo. Kama hauna fedha, sema wazi mbele ya hakimu: anaweza kukuruhusu ulipe kidogokidogo, au ufanye kazi za jamii badala ya kulipa. Na kama Kiingereza kinakupiga chenga, omba mkalimani mapema, kabla ya siku ya kesi.