Simu mkononi, usukani mkononi: maswali yenu wiki hii

Kwa nini serikali isipandishe faini mara tatu, tumalize mchezo?

Imejaribiwa. Japani ilifanya hivyo hasa Desemba 2019: faini ya kushika simu kwa gari dogo ilitoka yeni 6,000 hadi 18,000, na pointi za adhabu, zile zinazohesabiwa hadi leseni ikachukuliwa, kutoka 1 hadi 3. Uingereza nayo ilipandisha Machi 2017, kutoka pauni 100 na pointi 3 hadi pauni 200 na pointi 6. Huko Uingereza, dereva mpya akifikisha pointi 6 ndani ya miaka miwili ya mwanzo, leseni inafutwa na anaanza upya.

Pointi naziamini kuliko pesa. Mwenye nacho atalipa na kusahau kabla hajafika nyumbani, lakini leseni haina tajiri wala maskini. Hata hivyo, adhabu ya kwenye karatasi haimtishi mtu ambaye kwa miaka mitano amechati barabarani kila siku na hajasimamishwa hata mara moja. Dereva hapigi hesabu ya ukubwa wa faini, anapiga hesabu ya kukamatwa. Faini ya wastani inayompata mtu kesho ina nguvu kuliko faini kubwa ambayo huenda isimpate kabisa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza faini iwe kiasi gani, uliza kuna macho mangapi barabarani.

Nilikuwa kwenye taa nyekundu, gari limesimama kabisa. Hilo nalo ni kosa?

Kwa nchi nyingi, ndiyo. Uingereza, kwa mfano, kusimama kwenye taa au foleni bado ni kuendesha; ukitaka kushika simu, egesha kwanza mahali salama. Na sababu unaijua: taa inawaka kijani, magari yaliyokutangulia yanaondoka, wewe bado kichwa chini, nyuma yako honi. Unashtuka, unakanyaga mafuta kabla hujatazama kama kuna mtu anayemalizia kuvuka.

Kamera inawezaje kuona simu iliyo mapajani?

Inatazama kutoka juu. New South Wales, Australia, walianza kuzitumia kutoza faini Machi 2020, baada ya miezi mitatu ya kutuma barua za onyo tu. Kamera hupiga picha kupitia kioo cha mbele, usiku na mchana, mvua au jua. Programu ya kompyuta huchambua picha na kutenga zile zinazotia shaka, kisha binadamu huzikagua kabla ya faini kutoka. Hapo kwenye binadamu nasisitiza, maana mashine inaweza kudhani pochi ni simu. Picha za wasio na kosa zifutwe, na sheria iseme hivyo waziwazi, la sivyo watu watazichukia kamera kwa haki kabisa.

Askari naye hajapitwa na wakati. Akiwa juu, ndani ya basi au lori, anaona mapaja ya kila dereva anayepita pembeni. Usiku ni rahisi zaidi: mwanga wa kioo cha simu unamulika kidevu.

Nilikuwa narekodi video tu, sikuongea na mtu. Wakili wangu anasema nitashinda.

Mwenzako alishinda kweli, Uingereza, mwaka 2019. Alirekodi ajali huku akiendesha, na Mahakama Kuu ikasema sheria ya wakati ule ilihusu mawasiliano, siyo kurekodi. Ikachukua hadi Machi 2022 kuziba tundu hilo. Sasa huko, kupiga picha, kucheza gemu au kutafuta wimbo kwa simu uliyoishika huku unaendesha vyote ni kosa. Muulize wakili sheria yako imeandikwaje. Mimi nakuuliza tu: nani alikuwa anaangalia barabara?

Nikitumia spika ya gari niko salama?

Kisheria mara nyingi uko sawa. Kiusalama, nusu nusu. Mikono imerudi kwenye usukani, akili imebaki kwenye mazungumzo, na Shirika la Afya Duniani limekuwa likionya kwamba spika haipunguzi hatari kama watu wanavyodhani.

Mimi ni abiria. Dereva anasoma meseji, nifanyeje?

Ukimgombeza atakuonyesha kuwa anaweza. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa gari linakula karibu mita 17 kila sekunde, kusoma “uko wapi, mbona hufiki?” ni sekunde tatu, yaani mita 50 bila macho. Usimpe hesabu hiyo. Nyoosha mkono useme, “Nipe nikusomee, unataka nimjibu nini?” Mimi hufanya hivyo na wengi hunipa bila kubisha. Mmoja tu aliniangalia, akaifunga simu haraka na kuitia mfukoni. Sikumuuliza ilikuwa meseji ya nani.