Kundi la samaki: linaogelea, wanaogelea au zinaogelea?

Mwalimu mmoja wa sayansi kule Jinja kaniandikia, anaandaa somo la samaki wa baharini kwa Kiswahili na sentensi yake ya kwanza tu imeleta ubishi na wenzake: "Kundi la samaki ndogo nyeusi yenye milia nyeupe zinaogelea kwenye matumbawe." Mmoja anataka linaogelea, mwingine wanaogelea, yeye anauliza shida ya zinaogelea iko wapi kama watoto wanaelewa. Picha aliyoambatanisha ni ya kambare wa baharini mwenye milia, Plotosus lineatus, ndugu wa mbali wa male, yaani kambare wetu wa ziwani.

Mwalimu, zinaogelea ifute. Hizo mbili zingine zote ziko sawa ila hazisemi kitu kimoja.

Samaki kwa umbo lake anafanana na nyumba na nguo, lakini ana uhai, kwa hiyo anachukua a- na wa-: samaki huyu anaogelea, samaki hawa wanaogelea, na hata akishakaangwa akawekwa mezani bado ni huyu, sio hii. Sisi Uganda tunateleza hapa kwa sababu Luganda inatuvuta, ekyennyanja kinafuata ki- kama kiti na mbwa unasema embwa eno, basi mtu akifika mwalo wa Ggaba anasema "samaki hii pesa ngapi" na anauziwa vizuri tu. Sokoni sikusumbui. Darasani ndo itakugharimu, na huyu samaki wako ndo mfano mzuri kabisa, maana tabia yake inabadilika na umri. Wakiwa wachanga wanajikusanya kama 100 hivi, wamebanana mpaka wanaonekana kama mpira mweusi unaobingirika juu ya mchanga, wa nyuma wanapita juu ya wa mbele huku wote wanachakura chini wakitafuta kamba wadogo, konokono na minyoo. Wakikua ule umati unaisha, mkubwa anaishi peke yake au na wenzake wapatao 20, mchana wanajificha chini ya miamba na usiku ndo wanatoka kula.

Sasa andika "kundi la samaki ndogo" halafu uniambie nini ni dogo hapo, kundi au samaki? Huwezi kujua. Kumbe Kiswahili kina dawa: kundi kubwa la kambare wadogo, hao ni watoto, kundi dogo la kambare wakubwa, hao ni wazee wao. Kiambishi kimoja tu kwenye kivumishi na mwanafunzi kashapata biolojia yote bila maelezo mengine.

Kitenzi nacho hivyo hivyo. Neno linaloongoza ni kundi, kwa hiyo kwa kawaida unasema kundi linaogelea, na inakaa vizuri zaidi pale ambapo wote wanafanya kama mwili mmoja: kundi linabingirika, kundi limegeuka. Lakini ukitaka mambo ya mmoja mmoja rudi kwa samaki wenyewe: wana sharubu 8 kuzunguka mdomo, wana mkia kama wa mkunga, wanatambuana kwa harufu. Wapo wanasarufi wakali watakaokataa "kundi la samaki wanaogelea", mimi naipokea kwenye mazungumzo ila kwenye daftari la mtoto naomba li-.

Kwa hiyo sentensi yako iwe hivi: "Kundi la samaki wadogo weusi wenye milia myeupe linaogelea kwenye matumbawe." Umeona milia myeupe, sio nyeupe, ile m- watu wengi wanaimeza.

Na kwa kuwa umeandika pia kwamba samaki huyu "anauma sana", badilisha. Kuuma kwa samaki mtu anawaza meno, na huyu hatumii meno, ana mwiba wenye sumu kwenye pezi la mgongoni la mbele na mmoja kwenye kila pezi la ubavuni, sumu ambayo inaweza hata kuua mtu. Mwiba unachoma, samaki anachoma. Wavuvi wa pwani yetu ya Afrika Mashariki wanamkuta hai kwenye nyavu, ndio maana wanamtoa kwa uangalifu, na wewe ukifundisha watoto ambao wamezoea kushika male kwa mkono mtupu hiyo sentensi ningeiweka mapema kwenye somo.