Dada wa batiki, usikimbilie kulipia

Dada yangu, umeuliza kati ya Jasper na ChatGPT, hizi programu za akili bandia (AI) zinazokuandikia maandishi, ulipie ipi kwa matangazo ya batiki zako na makala za blogu. Mi nakushauri usilipie yoyote kwanza. Jasper imetengenezwa kwa ajili ya timu za masoko, ina templeti (mifano ya maandishi ya kujazia) na sehemu ya kuifundisha biashara yako inavyoongea, sasa kama uko peke yako na simu yako hiyo hela bora ununue rangi na vitambaa.

ChatGPT na wenzake Gemini na Claude zote unaweza kuzitumia bure, zipe ombi lilelile moja (maelezo ya unachotaka ziandike) afu usome majibu kwa sauti. Mi nilijaribu na sabuni zangu za mwani, programu moja ikaniandikia "gundua siri ya ngozi inayong'aa", nani anaongea hivyo sokoni? nikaipa meseji tatu nilizowahi kuwatumia wateja nikaiambia andika kama mimi, ikarudi na "Mwani wa Paje, povu jingi, kipande buku tatu", hapo ndo nikaona kazi.

Ila ikachomekea kwamba sabuni inatibu fangasi, kitu sijawahi kusema na siwezi kuthubutu, mteja akidhurika anakuja kwako sio kwa programu. Kwa hiyo bei, saizi, aina ya kitambaa taja mwenyewe kwenye ombi, na usiposti kabla hujasoma neno kwa neno. Makala ndefu omba vichwa vidogo kwanza kisha kipande kimoja kimoja, ukiomba yote kwa mkupuo inajirudiarudia mno.